Bokoboko la Wageni wa Ibra

Kwa mara ya tisa Turkiya aliuacha mwiko ndani ya sufuria akakimbilia dirishani.

"Mama, litaungua," alisema Khulood.

"Na liungue! Wageni wenyewe wako wapi?"

Nje kweupe kutupu. Theluji ilianza jana alasiri, ikalala juu ya mikomamanga, juu ya kuta, juu ya gari la jirani, na watoto wa Saiq, kijiji chao cha mlimani huku Omani, wote walikuwa nje wakipiga kelele kama siku ya Idi. Huko chini Nizwa watu wanaomba dua waione japo mara moja. Turkiya aliitazama kwa chuki. Miaka yote isije, ije leo?

Leo ndiyo siku ya watu wa Ibra kuja kumposa Khulood. Hajawahi kuwatia machoni; mambo yote kayapanga kwa simu Fakhriya, binamu yake aliyeolewa Sur. Lakini watu ndio hao, wallahi! Babu zao walikaa Unguja mjini, mtaa mmoja na babu zake. Si kama yule mama wa mji wa Samad, aliyepiga simu mara mbili kumwombea mwanawe. Ati wao walitokea Kigoma! Turkiya alimkatia simu hata salamu hazijesha. Khulood alilia siku tatu, kisha akanyamaza, na mama mtu akashukuru kwamba yamekwisha.

Ila mtoto keshatimiza miaka thelathini na mbili. Hofu hiyo Turkiya alilala nayo na kuamka nayo. Hawa wakirudi nyuma kwa sababu ya theluji, nani tena atapanda mlima huu?

"Hebu jaribu simu."

"Haishiki, mama. Mtandao umekatika tangu alfajiri."

Akarudi jikoni, akaushika mwiko kwa mikono miwili. Bokoboko ndicho chakula cha baridi: ngano na kuku vinasongwa mpaka havijuani, samli juu, vitunguu vya kukaanga, na sukari kwa anayetaka. Kazi yake ni mkono tu, na leo Turkiya alilisonga kama anayegombana na mtu. Kila gari lililopita barabarani, mwiko ulisimama.

Khulood, maskini, wala hakuwa na pupa. Alikuwa amekwisha kuoga, amevaa nguo yake ya kijani, anapakua polepole. Sahani moja aliitenga, hakuitia sukari.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mama mtu. Sukari haimfai."

"Wewe umejuaje?"

"Si huyo Fakhriya."

Alhamdulillahi, alijisemea Turkiya, mtoto kaanza kuwajali wakwe zake.

Adhuhuri ilipopita tu, gari lilinguruma mlangoni. Turkiya alijitanda mtandio upande wa ndani nje, na hapakuwa na wakati wa kuugeuza. Walishuka watatu: mzee mmoja, kijana mrefu mwenye haya, na mama mnene anayecheka huku meno yakimgongana kwa baridi. Marzouq, kaka yake Turkiya, aliwapokea wanaume akaingia nao majlisi. Mama aliletwa ndani, karibu na jiko la mkaa.

"Khulood, mwanangu, njoo nikuone!" alisema hata kabla ya kukaa.

Turkiya alifurahi. Hata jina wanalo mdomoni!

Maswali hakuuliza. Mgeni hadodoswi katokea wapi na wapi kabla hajashiba, na mgeni wa siku ya theluji ndiyo zaidi. Na ya nini kuuliza? Nani mwingine mwenye akili zake angepanda leo? Alimsogezea sahani, akakaa mbele yake akimtazama mdomo.

Mgeni alikula kijiko cha kwanza, akafumba macho.

"Mama yangu! Hili kalisonga nani?"

"Khulood," alijibu Turkiya bila haya, na mikono ingali inamuuma.

Mgeni akala, akaongezwa, akala. Kiswahili chake kilikuwa na ubara kidogo, Turkiya alikisikia, lakini watu wa Ibra nao siku hizi wamechanganyika. Walicheka. Walilaumu baridi, wakalaumu magoti yao. Zamani sana Turkiya hajacheka vile na mwanamke mwenziwe, akahisi moyo unashuka mahali pake.

Marzouq alichungulia, ndevu zina samli.

"Bi Turkiya, tumekwisha sema yote huku. Kijana ni mtu, nami nimeridhika. Tusome Fatiha, au wewe una neno?"

"Neno gani tena? Someni! Mnangoja nini?"

Marzouq alimtupia jicho Khulood, akarudi haraka. Sauti za wanaume zikaanza kusoma.

Hapo mtandao ukarudi, na simu iliyokuwa juu ya friji ikalia. Fakhriya.

"Turkiya! Tangu asubuhi nakutafuta. Poleni na baridi. Sasa hawa wa Ibra wanauliza, waje lini?"

"Waje lini vipi?"

"Si Khulood kawapigia jana kuwa mlima umefungwa? Hawakutoka nyumbani hata kidogo."

Turkiya aliishusha simu. Akamtazama Khulood, Khulood alikuwa anatazama miguu yake. Akamtazama mgeni.

"Dada," alisema, "nyinyi watu wa wapi?"

Mgeni aliiweka sahani chini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Samad, dada yangu. Uliponikatia simu, Khulood alinipigia mwenyewe."

Majlisini wanaume wakaitikia, "Amin."