Mkono wa Mama Kichwani

"Sindano? Huyu?" mama alicheka. "Alipokuwa mtoto, siku ya chanjo alijificha katikati ya ndama, tukamtafuta hadi jioni. Mwanangu amekua kwa maziwa, baba."

Ofisa aliyetumwa na serikali kuchunguza dawa za kuongeza nguvu kwa wanariadha wa kulipwa alicheka pia, akafunika kalamu yake.

Jibril hakucheka. Alikaa mkekani, ndani ya nyumba aliyomjengea mama yake hapa Garsen kwa zawadi za mbio, baada ya mafuriko ya El Nino kuibomoa ile ya kwanza. Kiganja chake kilifunika paja. Chini ya kiganja palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa ya tende, mahali sindano za kocha zilipozoea kuingia.

Mama alimpa mgeni kikombe cha maziwa ya moto yenye harufu ya moshi. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, mkono uliokakamaa kwa kukamua.

"Wallahi, huyu hajatia dawa mwilini. Nikisema uongo, Mungu aniulize mimi."

Mkono ule ulikuwa bado na joto la kikombe.

"Mama, toa mkono," Jibril alisema. Akaondoa kiganja pajani. "Bwana, fungua tena kalamu."