Ishike, Niwashe

Kabla ya kununua taa kuukuu za jukwaani pamoja na nyaya zake, nilifungua plagi moja. Waya wa ethi, ule unaozuia umeme usimpige mtu, ulikuwa umekatwa kwa koleo. Plagi ya pili vilevile. Ya tatu pia.

"Mzee, unakagua nyaya kama unachagua mke!" muuzaji alifoka. "Lori linasubiri. Pakia uondoke."

"Nani alizikata?"

"Zilikuwa zinazima umeme kila tukiwasha. Sasa hazizimi, ni nzima kabisa. Umefuata taa au maneno?"

Wachezaji wetu hupanda jukwaani pekupeku, na taa zenyewe ni za chuma. Nikachomeka moja ukutani, nikaweka kidole kwenye swichi.

"Ishike, ndugu yangu, niwashe."

"Mimi kibarua wako?"

"Si umesema ni nzima?"

Alicheka. Dereva wa lori hakucheka. Alikuwa ameshashuka, anamtazama. Muuzaji akafuta jasho kwenye suruali, akanyoosha mkono. Vidole vikaganda hewani, inchi moja tu kutoka kwenye chuma.

Kisha akageukia ghalani, alikokuwa kaka wa mkewe.

"Shemeji! Hebu njoo unishikie taa hapa."