Maji kwa Kiha

Mara tatu Manase alifika lango la shule akitaka kutoka, na mara tatu Mwalimu Elizabeti alimrudisha mezani kwake kama mbuzi aliyekata kamba.

"Baba Bibiana, watoto wanakuja. Unakwenda wapi?"

"Kutema mate tu, Mwalimu."

"Tema hapo hapo."

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake palisimama kibao: WAHA WA KIGOMA. Meza ya kushoto ilikuwa ya Mshihiri na mabuli yake ya kahawa. Ya kulia ilikuwa ya Mgiriki mmoja mzee wa mashamba ya mkonge. Ilikuwa Siku ya Mataifa, watoto wa Chumbageni wajue kwamba dunia haiishii Pangani. Sharti la Mwalimu lilikuwa moja: kila mgeni awafundishe watoto kuomba maji kwa lugha ya kwao. Walikwishaomba kwa Kiarabu, wakaomba kwa Kigiriki, na kila walipoomba walipewa, hata mtungi wa shule ukakaribia kukauka.

Manase hakujua Kiha. Kigoma yenyewe aliiona asubuhi ile, kwenye ramani ya darasani.

Alikuwa Mshambaa wa Mlalo. Miaka tisa nyuma alimpiga bwana shamba kwa mpini wa jembe, kisa matuta ya kulazimishwa, akamvunja taya. Alikimbia mpaka Korogwe, akadandia lori la manamba wa mkonge waliotoka Kigoma, na karani wa shamba akahesabu vichwa bila kutazama nyuso. Akaandikwa Muha. Wenzake wa lori walimaliza mkataba wakarudi kwao. Yeye akahamia mjini Tanga na Uha wake, akaoa nao, akazaa nao. Lakini kule Lushoto kesi yake ilikuwa bado mbichi. Siku watu watakapojua si Muha, wataulizana ni nani, na siku hiyo hiyo atalala ndani.

"Baba," Bibiana alimvuta shati, "nimewaambia wenzangu Kiha ni kitamu kuliko Kigiriki. Useme polepole, wasikie."

"Nitasema."

Kusema Kishambaa asingethubutu. Akina mama wauza kabichi walijipanga ukutani kutazama, na wote walikuwa watu wa kwao. Basi tangu juzi, kila akienda kazini ghalani, alikuwa akibuni maneno njiani na kuyarudiarudia yasimtoke. Kwa watoto yangetosha. Tanga nzima angeweza kumuumbua mtu mmoja tu, Mzee Miraji wa Mabawa.

Huyo alikuwa Muha wa manamba wa zamani, aliyekaa pwani mpaka Kidigo chake kikawa kama cha mtu wa Duga. Akikalia mbuzi kukuna nazi, ungedhani kazaliwa juu yake. Miaka yote Manase alimkwepa. Akimwona sokoni alikata kona. Na kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba mzee naye, akimwona yeye, alikunja uso akavuka njia. Amekwishanijua, Manase alijiambia. Ananionea haya tu.

Afadhali siku hizi mzee alikuwa akiumwa mguu. Hatoki.

"Nina zawadi yako," Mwalimu Elizabeti alisema. "Nimesikia Waha mjini mko wawili tu. Yule mwenzako nimemtumia gari."

Manase aligeukia lango kwa mara ya nne. Mzee Miraji alikuwa anaingia, fimbo mkononi, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Walimkalisha kwenye kiti karibu na mtungi. Naye alikuwa akitazama lango.

"Shikamoo, mzee," alisema Manase, kwa Kiswahili.

"Marahaba," alijibu mzee, kwa Kiswahili hicho hicho.

Mshihiri aliweka buli chini. "Ndugu wawili ugenini, hata kusalimiana kwa kwenu hamna? Mligombea mke nini?"

Wauza kabichi walicheka. Manase alicheka nao, kwa meno tu.

"Haya, Bwana Manase," alisema Mwalimu, chaki mkononi. "Muombe mzee maji. Akikuelewa, tutajua tumepata Kiha chenyewe."

Manase alimtazama binti yake aliyesimama mbele ya wenzake, kifua mbele kama bibi harusi anayetolewa nje. Akafumba macho, akayatoa yale maneno yake yote, maneno yasiyo na baba wala mama.

Watoto waliyarudia kwa sauti moja. Kisha watu wote wakamgeukia mzee.

Mzee Miraji hakusogea. Alimkazia Manase macho. Manase akaanza kupima njia ya lango, na ni nani na nani angewapiga kumbo akikimbia.

Ndipo mzee akainuka. Alichukua kata, akaizamisha mpaka chini ya mtungi, akaja nayo akichechemea, maji yakimwagika juani hatua kwa hatua.

Watoto walipiga makofi. Ukutani walipiga vigelegele. Mwalimu alikuwa tayari anaandika maneno yale ubaoni, herufi kubwa, na Bibiana akimwambia kila aliye karibu, "Nilisema, nilisema."

Manase aliipokea kata kwa mikono miwili. Hakuelewa kitu. Alipoinama kunywa, mzee aliinama naye, mdomo ukakaribia sikio lake.

"Kunywa, mwanangu, nawe unisitiri," alinong'ona. "Mimi ni Mdigo wa Duga. Kiha sijui hata kuomba maji."