Mteja Aliyefumua

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mzima anakaa kusukwa tangu asubuhi mpaka alasiri, shingo imekakamaa, halafu akifika kwake anavuta kigoda mlangoni na kuzifumua nywele zote kabla jua halijatua?

Basi Vidole alikuwa na mteja wa namna hiyo, na wateja wengine walikuwa wa kuhesabia vidoleni.

Vidole ndilo jina alilopewa saluni kwa wepesi wa mikono yake. Saluni penyewe hakuwako tena. Alipanga chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, akaweka kiti cha plastiki na mto juu yake, kioo kilichopasuka pembeni, machanuo yake ndani ya kopo la maji ya dawa, na birika la umeme. Birika alilinunua kabla ya kitanda. Kule saluni ncha za kila msuko zilichovywa kwenye maji ya moto, zikakaa laini kama zimepigwa pasi, naye alitaka anayetoka kwake asionekane tofauti. Chumba kikimshinda, ingebidi arudi kumpigia magoti bosi wake, waliyemwita Shangazi, ambaye alimfukuza mbele ya wateja, povu la sabuni bado mikononi.

Na alimkosea nini? Kichwa kimoja tu. Binti fulani mpangaji mwenzake, mcheshi ajabu, alikuwa anasafiri alfajiri kwenda kuanza kazi ya kwanza, na hela ya saluni hakuwa nayo. Akambembeleza Vidole amsukie nyumbani. Vidole akamsuka barazani kwa mkono wake mwenyewe, kama bibi yake alivyomfundisha: ncha unaizungusha, unaifunga kwa uzi mweusi, fundo unalificha ndani lisionekane. Shangazi akapata habari. "Unaniibia wateja!" Ikawa ndiyo kwaheri. Toka siku hiyo uzi ule Vidole aliuona mkosi, akausukumia nyuma kabisa ya droo.

Sasa huyu mteja. Alikuwa mama wa makamo, mgeni mtaani, mvi zimeanza pembeni, mkoba haumtoki mapajani.

"Nisukie mistari myembamba ya kurudi nyuma," alisema mara ya kwanza. "Na huu wa juu ya sikio, upinde kidogo."

"Mama yangu, mstari uliopinda ni aibu ya msusi. Watanicheka."

"Wewe pinda tu, mwanangu."

"Halafu mtindo wenyewe ni wa wasichana."

"Basi leo nimekuwa msichana."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Kazi ilipokwisha, akapitisha vidole taratibu toka kwenye paji la uso mpaka kwenye ncha, akavisimamisha pale.

"Mwanzo ndio wenyewe," alisema. "Mwisho sio."

Akalipa, akaenda zake. Jioni ile ile akawa kigodani mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara, anafumua, wapita njia wote wanaona.

Akarudi tena. Mistari ile ile, mpindo ule ule, maneno yale yale.

"We Vidole, fungua macho," fundi cherehani wa chumba cha pili alimwambia, pini mdomoni. "Yule mama juzi nimemwona kwa msusi wa sokoni, mtindo huo huo. Kwa yule wa stendi pia amefika. Anapeleleza huyo! Katumwa na Shangazi. Kazi yako inafumuliwa barabarani kama sweta la mtoto, nani atakuja?"

Na kweli, wawili walioahidi kuja hawakuja. Mwingine alifika mpaka mlangoni, akamtazama mama yule kule ng'ambo na rundo la nywele miguuni, akajifanya amekosea nyumba. Kodi ilikuwa inakaribia. Vidole akaanza kutunga kichwani maneno ya kumwomba Shangazi msamaha.

Mara ya tatu mama alipokuja, umeme ulikuwa umekatika. Vidole akasuka, meno yameumana. Alipofika kwenye ncha akalishika birika. Baridi kama jiwe. Hapo moyo ukamchemka. Akavuta droo mpaka mwisho, akautoa uzi mweusi.

"Leo hakuna maji ya moto," alisema. "Na kama umetumwa, mama, kamwambie Shangazi huu ndio mkono wangu. Asipoupenda shauri yake."

Vidole akazungusha, akafunga, akaficha, msuko mmoja baada ya mwingine mpaka yote ikaisha. Mama akapeleka mkono nyuma kama kawaida yake. Akashika ncha moja. Akaibonyeza, akalikuta fundo ndani. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Cheka tu, mama," Vidole alisema. "Ukimaliza kucheka uende."

Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akaifunua juu ya kiganja cha Vidole. Ndani ulikuwamo msuko mmoja uliokatwa, umeshika vumbi. Ncha ilikuwa imezungushwa kwa uzi mweusi, fundo limefichwa.

"Gari alilopanda binti yangu alfajiri ile halikufika," mama alisema. "Mochwari uso hawakunionyesha. Nilimtambua kwa nywele. Nimezunguka kuuliza nani alimsuka, watu wanaogopa maneno ya maiti, kila mmoja anakana. Nikaona niwaulize kwa kichwa changu."

Akaugusa mstari uliopinda juu ya sikio lake.

"Mimi sikuja kusukwa, mwanangu. Siku ile nilimgombeza kwenye simu, nikamkatia. Nilichokuwa nataka kuuliza ni kimoja tu. Binti yangu akicheka, kichwa hakitulii. Huu mstari wa sikioni, niambie, ulipinda kwa sababu alikuwa anacheka?"