Karibu ya Pili

Mama yake Mogaka alikuwa ameshanawa mikono pale mwanawe alipomuuliza kama atakula.

“Nimeshiba, mwanangu,” akajibu, maji yakimdondoka vidoleni.

Hilo lilikuwa jibu la adabu tu. Kwao Kisii mgeni hukataa kwanza, mwenyeji akamshika mkono na kumlazimisha, ndipo mgeni akaketi. Kwa hiyo akasubiri karibu ya pili.

“Sawa, Mum.”

Mogaka alikunja kipande cha mwisho cha piza, akakila akiwa amesimama, huku akitafuta funguo za gari. Boksi akalitupa kwenye pipa. Mkewe alishapanda juu na sahani yake. Binti yao alikuwa anakula garini, mkanda kifuani. Mezani kulikuwa na nguo za kukunjwa. Tangu mama atue Toronto juzi, hakuna aliyeketi pale.

Mlango ukafungwa. Friji ilikuwa imejaa, lakini mama mkwe hafungui friji ya mke wa mwanawe.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake, kutoka nyumbani.

“Wanakulisha?”

“Chakula huku ni kingi, dada. Mpaka kinatupwa.”

“Nimekuuliza wewe. Umekula?”

“Nimekula, hata nikabakisha.”

Dada yake akauliza tena, polepole.

“Kweli umekula?”

Mama akafungua mdomo. Akautazama mkono aliokuwa ameunawa. Ulikuwa umeshakauka.