Skrubu Zilizochubuka

Skrubu za kompyuta iliyoitwa mpya zilikuwa zimechubuka vichwa. Seremala aliziona mara tu alipoigeuza.

Mezani palikuwa na kompyuta mbili, ndogo kama sabuni za kufulia. Mkwewe, mume wa binti yake, alizileta ili achague moja ya kuunganisha kwenye televisheni, kusudi Jumapili atazame filamu pamoja na wajukuu.

"Chukua hiyo, baba. Haina feni, haitakupigia kelele. Nimeshaiwekea na mfumo wa Linux."

"Imefunguliwa hii."

"Nimeifungua mimi."

"Ukatoa nini?"

Binti yake aliacha kukunja nguo. Seremala akapitisha ukucha kwenye kichwa cha skrubu, taratibu, mpaka ukanasa.

"Usinione mtoto wa jana, mkwe. Naitaka hiyo ambayo stika yake haijabanduliwa."

Mkwe akaitia ile aliyoifungua mkobani, akaaga kwa adabu, akatoka.

"Aliongeza memori, baba," binti akasema. "Kwa pesa yake. Alitaka filamu zako zisikwame."

Zimepita Jumapili sita. Mkwe hajaja hata moja. Binti amekuja moja, akakaa dakika kumi, na wajukuu wote watatu aliwaacha nyumbani.