Mapazia ya Nyumba ya Kremer

Geesje alifunga mapazia ya mbele jua likiwa limeshapanda. Katika mtaa ule wa wafumaji wa Almelo, Uholanzi, mtu hafungi mapazia mchana ila kwa jambo moja, na jambo lenyewe halina haja ya kutangazwa. Kabla maji ya kahawa hayajachemka, Miene, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma amevaa aproni nyeusi. Ndiyo kazi ya jirani wa kwanza: kuosha maiti, kusimamisha saa, kupasha mtaa habari.

“Jamani, nani?” aliuliza, maana Roelof yule pale kitini na Geesje huyu hapa amesimama, wote wazima.

“Berend,” alisema Roelof.

“Toba! Kijana na nguvu zake zile! Juzi tu si kanipita na baiskeli, anapiga mluzi?”

“Ndiyo hivyo.”

“Yuko chumbani? Niende nikamwoshe.”

“Hayumo humu. Yuko ng’ambo ya mfereji.”

Miene akashika kifua. “Amezama?”

“Hakuzama.” Roelof alikuwa akitazama viganja vyake. “Alitaka mwenyewe.”

Miene, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua mapumziko, aligeukia kazi yake. Akaisimamisha saa ya ukutani. Akakigeuza kioo, kama ilivyo desturi ya msiba.

Geesje hakulia. Tangu jana alikuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi. Maneno aliyasikia yote, lakini hayakumgusa. Alikuwa amelipiga pasi shati jeupe la mwanawe, lile la kanisani, na sasa lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

“Nani atamvika?” aliuliza.

“Watamvika wao.”

“Baba Berend, niache niende. Nimwone mara moja tu kabla hawajamaliza. Nitasimama nyuma kabisa.”

“Nilishasema. Ukivuka mfereji leo, usirudi humu.”

“Ni mwanangu.”

“Alikuwa.”

Miene alimkata Roelof jicho tu. Penye msiba jirani hagombi.

“Mchungaji ana habari?” aliuliza hatimaye.

“Anayo. Amesema jina lake halitatajwa tena kanisani.”

Roelof hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Kremer tu. Babu yake alikata udongo mweusi wa kinamasi, ule unaokaushwa ukawashwa kama kuni, na usiku alilala na wanawe wote katika kibanda cha udongo huohuo. Baba yake akakimbilia mjini kwenye mitambo ya pamba, vumbi likammaliza mapafu. Hawakurithisha ng’ombe wala shamba. Walichoacha ni jina, na benchi lao katika kanisa dogo la Waprotestanti, ambako Roelof sasa alikuwa mzee wa kanisa. Masikini akishikilia kitu kimoja, hakuna wa kumbandua.

Geesje naye alizaliwa katika kinamasi kilekile. Walikutana kiwandani, wakaoana, wakazika wachanga wawili. Akabaki Berend, na Geesje alimpenda kupita kiasi. Hata Roelof alimpenda hivyo, ila kwake maneno hayo hayakutoka.

Miene alitoka kwenda kupasha habari. Kwa kifo cha namna ile mtaa ungeweza kujifanya haukuona, lakini watu wale hawakuwa hivyo. Mapazia yakafungwa nyumba baada ya nyumba, mpaka mtaa mzima ukawa kama umefumba macho. Wanaume wakavaa suti nyeusi, wanawake wakaleta mikate ya zabibu, wakakusanyika nje kimya.

Ndani, Geesje alivaa koti. Akalitungua shati, akalikunja juu ya mkono, akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Roelof hakuinuka wala hakumwita. Geesje akasimama vivyo hivyo, mguu mmoja ukitaka na mwingine ukikataa, mpaka kengele za Wakatoliki zikaanza kulia ng’ambo ya mfereji.

“Wameshamaliza,” Roelof alisema.

Geesje akavua koti, akaketi mkabala naye. Hapakuwa tena na pa kuwahi.

Nje, Miene alikuwa mlangoni na birika la kahawa, akipokea watu, alipoona umati unajigawa katikati. Vijana wawili walikuwa wakija wameshikana mikono: msichana wa shela nyeupe ya arusi, mwenye rozari ya Kikatoliki, na mwanamume aliyevaa suti ya kuazima, fupi mikononi. Mwanamume aliyatazama mapazia, akawatazama majirani waliovaa nyeusi, akavua kofia taratibu.

“Mama Miene,” Berend aliuliza, uso umemsawijika, “amekufa nani kwetu?”